Viti Vimevaa

Mimi si mtu wa muziki. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu kule kwetu Machame wapo walionitangaza kuwa mwanamke wa disko. Mimi ni fundi wa nguo. Nina chumba cha kushonea hapa Moshi, mtaa wa Majengo, mashine mbili na kioo kirefu chenye ufa, na redio yangu huwa inahubiri tangu asubuhi mpaka betri ziishe. Nyimbo za siku hizi nazisikia kwa jirani na zinapita. Lakini upo wimbo mmoja ulioninasa, ukanigombanisha na mdogo wangu wa kiume, ukanifungia njia ya kwenda kwenye kaburi la mama yangu, na pamoja na hayo yote nikiusikia hadi leo nasimamisha mashine.

Uliletwa na mteja. Msichana mmoja alikuja kujaribu gauni la sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi, na mimi nikiwa nimepiga magoti chini napima pindo, yeye huko juu anachezea simu. Nikasikia mtu anagonga maiki, puh puh, halafu sauti nyembamba ya kike, ya kujidai: mnanisikia huko nyuma? Nikainua kichwa nikidhani kuna mtu mlangoni. Msichana akacheka, akaniambia ni wimbo tu, mama, sikiliza.

Nikueleze ulivyo, ingawa kila ninayemweleza ananitazama kama nimechanganyikiwa. Aliyeuimba simjui. Sijamwona kwenye televisheni, sijamsikia redioni, na yule msichana naye hakujua zaidi ya kwamba ni mtu wa Dar anayejirekodia chumbani kwake. Unahusu bibi harusi mtarajiwa aliyeandaa sendofu ukumbini, kila kitu kipo, na watu hawakuja. Basi kazi zote anazifanya mwenyewe. Anakuwa mshereheshaji, kwa sauti nene ya puani. Anakuwa mjomba mwenye nasaha zisizoisha. Anakuwa shangazi anayepiga vigelegele, na katikati ya vigelegele anapaliwa, anakohoa, anaomba maji. Anakuwa hata ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, ila kwenye wimbo huu mbuzi bado analia, na ukitega sikio vizuri ni binti yule yule. Muziki wenyewe ni kama mtu anayeosha masufuria kwa hasira. Na kiitikio ni hiki: viti vimevaa, viti vimevaa, nani atavikalia?

Hapo ndipo aliponikamata. Mimi ndiye ninayeshona vile vitambaa vya kuvalisha viti vya ukumbini, na mafundo yake ya mgongoni. Nimeviona viti hivyo asubuhi kabla ya shughuli, vimejipanga vimependeza, hakuna mtu. Sikujua kama kuna mwingine duniani aliyewahi kuvitazama na kuingiwa na hofu kama mimi.

Kisha wimbo unafika mahali mshereheshaji anasema, sasa, kwa heshima na taadhima, tumkaribishe mgeni rasmi. Na unanyamaza. Si kidogo. Unanyamaza mpaka unadhani simu imezima. Kinachosikika ni kiti kimoja kinachoburutwa sakafuni, halafu hakuna tena. Yule msichana wa gauni alitaka kuurusha mbele, nikamwambia uache, na kabla hajaondoka nikamwomba anirushie kwenye simu yangu.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa. Sauti ya huyo binti si nzuri kiasi hicho, kuna mahali inapanda na inashindwa kushuka. Nadhani ni kwa sababu hakonyezi. Watu wanaoigiza vituko huwa wanakukonyeza, wanataka ujue kwamba na wao wanajua ni utani. Huyu hapana. Ameuvaa upuuzi wake mzima mzima kama nguo ya kanisani. Ukicheka unajisikia vibaya, usipocheka unajisikia vibaya zaidi, na yeye hajali, anaendelea kuwakaribisha watu ambao hawapo. Jamani, ujasiri ule mimi sina.

Na kuna jambo jingine, nalisema bila kutaka mtu anihurumie. Sendofu mimi sikufanyiwa. Nilimpata mwanaume wa mkoa mwingine, kibarua wa mashamba ya miwa kule chini, na baba hakutaka hata kuwapokea wazee waliokuja kumposea. Nikaondoka nyumbani mchana na begi langu, bila kigelegele hata kimoja, mama akinisindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho, kisha akageuka haraka. Mwanaume huyo ndiye ninayeishi naye hadi leo. Watoto wetu wameshakuwa watu wazima, na madhabahuni hatujawahi kusimama. Baba alikufa hajabadilika. Mimi nimeendelea kushona magauni ya sendofu ya mabinti wa watu mpaka vidole vimeota sugu, na huwa siendi kwenye shughuli zenyewe, nasingizia kazi.

Mwaka juzi mama akaanza kuumwa. Ikabidi ashuke akae kwangu, kwa kuwa kutoka Majengo mpaka kliniki kule Mawenzi ni karibu, na kutoka Machame ilikuwa safari ya kummaliza. Mdogo wangu ndiye aliyemleta. Yeye ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Ni mzee wa kanisa, mtu wa suti, mtu wa kuongea taratibu hata kama paa linawaka. Alinipangia dawa mezani, akaniombea, akapanda zake kurudi. Tulikuwa tunapendana, lakini kwa mbali.

Kitanda cha mama nilikiweka humu humu chumba cha kushonea kwa sababu kinapata jua. Siku za kwanza alinisaidia kung'oa nyuzi, maana mama yule alikuwa hawezi kukaa bila kazi. Alipousikia wimbo mara ya kwanza aliuliza ni nani anaumwa. Nikamweleza. Akauliza kwani huyo binti hana watu? Nikamwambia ndiyo wimbo wenyewe huo, mama. Akanuna. Kesho yake nikiwa napiga pasi akaniambia niuweke ule wa binti asiye na watu, na shangazi alipopaliwa kwenye vigelegele, mama akacheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zenyewe zilikuwa zinamuuma. Alisema ni wifi yake mtupu. Tangu hapo ukawa wimbo wake. Dawa alikuwa anaikataa mpaka nimwekee, na kwa muda wote aliokaa kwangu sikumsikia akicheka kwa kitu kingine chochote.

Akafariki, tukampandisha Machame.

Kwetu mtu hazikwi mbali. Anazikwa kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na huwezi kulifikia kaburi bila kupita uani kwa mwenye nyumba. Naomba ulishike hilo, maana ndilo lililokuja kunitesa.

Vijana walikuwa wamekodi spika kubwa kwa ajili ya msiba, na simu yangu ndiyo iliyounganishwa nayo kwa bluetooth, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na nyimbo za kwaya za maombolezo. Siku ya kuanua matanga, watu wakiwa uani wanakunywa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, na mchungaji yuko katikati yao, nikashuka peke yangu kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikauweka sawa kwa mikono pale mvua ilipouchimba, nikamwambia mama nakuwekea wimbo wako, nikabonyeza, nikaweka simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, huku naitukana simu kimoyomoyo.

Kule juu nikasikia mtu anagonga maiki. Halafu sauti ikapita juu ya migomba yote: mnanisikia huko nyuma? Kuna babu mmoja alikuwa amekaa nyuma, masikio yameshachoka, akajibu kwa heshima zote kwamba tunasikia, endelea. Watu walidhani ni ratiba ya familia. Nasikia hata mjomba alipoanza nasaha zake wapo waliotikisa kichwa kukubali.

Mimi, mtu mzima na akili zangu, sikuelewa mpaka mbuzi alipolia. Nikaanza kubonyeza ile simu kama mwehu. Vidole vimejaa udongo, kioo hakinitambui. Nikafuta kwa kanga, ndiyo kwanza nikazidi kukipaka tope. Nikakimbia kupanda. Uani vijana walikuwa wameziba midomo, mabega yanatikisika, na mtoto wa jirani ameshaanza kuitikia viti vimevaa, viti vimevaa. Mchungaji ameweka kijiko chini. Nikafika mshereheshaji anasema kwa heshima na taadhima tumkaribishe mgeni rasmi, kisha kile kimya, na ndani ya kimya hicho nikamwona mdogo wangu anang'oa waya ukutani kwa mikono miwili.

"Dada, umemcheka mama," akasema mbele ya watu wote. "Toka. Na kihamba hiki usikikanyage tena mimi nikiwa hai."

Ningeweza kueleza. Maneno yalikuwepo: huu ulikuwa wimbo wa mama, aliupenda, niulizeni mimi niliyekuwa naye. Lakini hasira zangu mimi ziko karibu. Nilimtazama nikasema moyoni, nyumba unayo, kihamba unacho, kaburi la mama unalo wewe, na hiki kimoja nilichobaki nacho nikupe mbele za watu ili unisamehe? Sikupi. Nikachukua begi nikashuka Moshi siku hiyo hiyo.

Mwaka wa kwanza nilipanda na maua. Geti limefungwa, mbwa anabweka, mke wake akanichungulia dirishani akarudisha pazia. Nikayaacha maua kando ya mfereji wa maji pale getini nikarudi. Nilikuwa nalia njia nzima na huku nagombana naye kwa sauti, watu wananitazama. Hapo ndipo nilipojua kuwa naweza kufa bila kusimama tena pale alipolala mama. Sikuwa nataka nyumba wala ndizi moja ya kihamba kile. Nilitaka kufika kaburini, basi.

Ungedhani niliuchukia wimbo. Wapi. Niliuweka kila siku, kwa makusudi, kama mtu anayebonyeza jino bovu. Na kadiri nilivyousikiliza ndivyo nilivyouona ulivyo mkali. Nilianza kusikia kwamba mjomba anatoa nasaha huku hajui jina la bibi harusi. Nilianza kusikia kwamba baada ya kile kimya, binti anaendelea kwa sauti yake halisi, ndogo, haigizi tena mtu, anasema tu, tuendelee na ratiba. Maneno ambayo kwenye shughuli zetu husemwa umeme ukikatika au keki ikianguka. Mume wangu alinivumilia mpaka akachoka, akaniuliza hivi wewe huo wimbo unakupa nini. Nikamwambia haunipi kitu, unanielewa.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipokuwa zinakaribia, kwenye simu ikaingia picha kutoka kwa mdogo wangu. Hakuna salamu, hakuna neno. Picha ya isale.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Lakini jani lake likikatwa, likafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, hilo ni ombi la msamaha, na ombi hilo halikataliwi. Mtu anaweza kuwa amekuulia ng'ombe. Akikuletea isale, unapokea na yanaisha. Asiyepokea, watu humkalia mbali, na ikimpata balaa hata miaka mingi baadaye watasema ni lile jani.

Sasa mwenzangu kanitumia kwa simu. Loo, nilitoka povu. Nikampigia shangazi yetu, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamwamkia, nikamwambia shangazi, nimeletewa isale ya picha, nifanye nini? Jambo hilo halikuwahi kufika mbele yake. Akaanza kunihoji kama hakimu. Limefungwa fundo? Nikamwambia hapana. Limekatwa? Nikakuza picha, nikamwambia halijakatwa, limesimama shambani na mengine. Akasema basi hilo ni la mpaka, si la msamaha, mdogo wako amekuonyesha ua wake. Nikapiga picha bakuli la mtori nikamrushia mdogo wangu: na wewe kula hiki ushibe.

Aliyemweleza kosa lake nadhani ni shangazi huyo huyo. Baada ya siku chache, saa za mchana, nipo namjaribisha mteja nguo, pini zimejaa mdomoni, nikaona kivuli mlangoni. Mdogo wangu. Suti ya kanisani, viatu vina vumbi la Majengo, amebeba jani mbichi kwenye kitambaa cheupe kwa mikono miwili. Fundo limefungwa sawasawa. Alikuwa amekonda. Akayasema yale maneno ya kuombea msamaha, kwa Kichagga, kama baba alivyokuwa anayasema, na mteja wangu aliyetoka kwingine akabaki anatutazama kwa zamu.

Mimi siwezi kusema kitu, nina pini. Na kwa desturi hata ningeweza kusema, anayeletewa isale haulizi kwanza ni kosa gani. Anapokea au anakataa. Niliwaza geti, nikawaza yale maua kando ya mfereji. Nikawaza pia kwamba nikipokea nitafika kaburini. Nikafuta mkono kwenye gauni langu, nikalipokea. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nikamwona anashusha pumzi mpaka mabega yakaanguka.

Mteja alipoondoka nikatoa pini moja moja, nikaliweka jani kwenye meza ya mashine, nikampa stuli. Nikamwuliza kama ni mchungaji aliyemtuma, maana nilikuwa nimesikia kwamba Jumamosi wanaweka msalaba kwenye kaburi na kulibariki, na mzee wa kanisa hawezi kulibariki kaburi la mama yake dada yake akiwa amefungiwa nje. Nilisema hivyo kwa ubaya wangu wote. Akasema ni kweli mchungaji aliuliza, lakini si hilo. Akageuza geuza mikono, mtu mwenye heshima zake, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Dada, yule mgeni alikuja?"

Sikumwelewa. Akaeleza, anaona aibu. Kwamba tangu siku ile ya matanga, wimbo ule haujamtoka. Anakamua ng'ombe anaukuta mdomoni. Anashika sadaka kanisani, viti vimevaa. Aliwauliza vijana wa bodaboda, akawaimbia kidogo, wakamcheka, hakuna aliyeujua. Na yeye aling'oa waya pale pale mgeni alipoitwa, kwa hiyo miaka hii yote hajui kama aliingia mtu au hakuingia. Alisema anaamka na swali hilo, analala nalo. Nikamtazama mzee wa kanisa mzima ameshikwa na wimbo wa mbuzi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona ni mtoto wa mama yangu.

Nikamwekea. Alisikiliza ameinamia sakafu, mikono katikati ya magoti. Shangazi alipopaliwa hakucheka. Kimya kilipofika akainua kichwa akakodolea simu, akasubiri, akasubiri, kiti kikaburutwa, na binti akasema tuendelee na ratiba. Wimbo ukaisha.

"Hakuja," akasema.

"Kwenye wimbo hakuja," nikamwambia. "Hapa kwangu alikuja."

Nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu, hata mume wangu. Kwamba mwishoni, mama alipokuwa hawezi tena kukaa, nilikuwa naweka shanga kwenye gauni la mtu, wimbo unalia, na ulipofika pale pa kimya mama akainua mkono kitandani kama mtu anayeomba nafasi ya kusema. Akasema, "Nimefika. Mnisamehe nimechelewa." Nikacheka. Nilijua anaigiza, si wimbo wenyewe ni wa maigizo? Nikamwambia karibu mama, pita mbele. Akasema hapana, anakaa hapo hapo karibu na mwanawe. Tukacheka wote wawili, na mimi nikaendelea na shanga zangu.

Nilidhani mdogo wangu atatabasamu. Nilikuwa nimempa kitu changu cha mwisho, nikajiona mkarimu. Badala yake akafunika uso kwa ile mikono.

Akaniambia kwamba mama, kabla hajashuka kwangu, alimwita chumbani. Alimwambia anajua hatapona. Alimwomba amwite mchungaji na ndugu, achinjwe mbuzi, nije na mume wangu nifanyiwe sendofu yangu, hata ndogo, hata ya uani, akiwa bado anaweza kusimama kunishika mkono. Na yeye alikataa. Alimwambia mama, dada ana watoto wazima, sendofu ya nini, watu watacheka. Mama hakurudia. Ndiyo maana siku ya matanga, alipousikia ule wimbo kwenye spika na watu wanacheka, aliamini mama ameniambia na mimi nimekuja kumwanika mbele ya kanisa zima.

"Hakuniambia," nikasema. "Hakuniambia neno."

"Sasa najua."

Nilikaa. Chumba kilikuwa na jua tele, kitanda cha mama hakipo tena, nimeweka majora ya vitambaa. Kumbe hakuwa anaigiza. Alikuja kwenye sendofu yangu peke yake, mgonjwa, akaomba radhi kwa kuchelewa, na mimi nilimcheka nikamwambia apite mbele.

Nikalitazama lile jani mezani. Mkono uliinuka wenyewe, nilitaka kulitupa barabarani, nilitaka kumpiga nalo usoni. Sikuligusa. Isale haichagui kosa. Ukishapokea umepokea, lile unalolijua na lile usilolijua.

"Ulingoja nilishike kwanza," nikamwambia.

"Ningesema kwanza usingelishika."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akauliza kwa sauti ndogo kama nitapanda Jumamosi. Nikamwambia nitapanda, na mume wangu, na tutapita uani kwake mchana kweupe mpaka kwa mama. Akauliza kama nimemsamehe.

Nikasimama nikamfungulia mlango. "Nimekusamehe," nikamwambia. "Sasa toka nje, nikasirike."